Mshindani Asiyesimama: Kwa Nini Betri Mpya Hukwama Kabla ya Kufika Sokoni

Ikisiri

Kila mwaka maabara za vyuo vikuu hutangaza betri mpya inayosemekana kuwa nyepesi, nafuu au salama kuliko ya lithiamu, na nyingi kati ya hizo hupotea kabla mnunuzi wa kawaida hajaziona. Makala hii inapinga maelezo mawili yaliyozoeleka: kwamba makampuni ya mafuta huzificha, na kwamba sayansi yake ni dhaifu. Kwa kuchunguza historia ya betri ya lithiamu pamoja na kuanguka kwa makampuni ya Aquion, A123 na Northvolt, ninajenga hoja kwamba bei ya betri hushushwa na uzalishaji wenyewe. Teknolojia isiyo na mnunuzi wa mapema wala mitambo ya kuazima hufika sokoni na kumkuta mshindani wake amekwishasonga mbele. Sehemu ya mwisho inaonyesha maana ya hoja hii kwa sera za Afrika Mashariki na Kongo.

1. Utangulizi

Machi 2017 kampuni ya Aquion Energy ya Pittsburgh, Marekani, ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Betri yake ilitengenezwa kwa malighafi zisizo haba: maji ya chumvi, oksidi ya manganizi, kaboni na pamba. Haikuwaka moto, haikuwa na sumu kali, na ilivumilia kutumiwa mpaka kuisha chaji bila kuharibika upesi. Mgunduzi wake, Profesa Jay Whitacre wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alikuwa ametunukiwa tuzo ya Lemelson-MIT yenye thamani ya dola 500,000 mwaka 2015. Kampuni ilikuwa imekusanya karibu dola milioni 190, Bill Gates akiwa miongoni mwa wawekezaji. Ilikuwa na kiwanda, wafanyakazi na wateja. Ilifilisika ikiwa na bidhaa inayofanya kazi.

Kisa hiki kina ndugu zake wengi. Kampuni ya Ambri, iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na utafiti wa Profesa Donald Sadoway wa MIT kuhusu betri ya metali iliyoyeyushwa, iliomba ulinzi wa mahakama Mei 2024 baada ya kazi ya takriban miaka kumi na minne. Natron Energy, iliyotengeneza betri za sodiamu nchini Marekani, ilifunga shughuli zake Septemba 2025. Orodha hii ingeweza kurefushwa, lakini urefu wake hautatufundisha lolote mpaka tueleze kilichoyaunganisha makampuni haya.

Hoja yangu ni kwamba kilichoyaangusha ni mwendo wa mshindani. Betri ya lithiamu haikusimama kungoja kulinganishwa. Iliendelea kuzalishwa kwa wingi, na kila ilipozalishwa ilizidi kuwa rahisi. Anayetaka kujua kama betri mpya itafika sokoni anapaswa kuuliza itajifunzia wapi kuwa rahisi, na nani atalipia masomo hayo.

2. Maelezo mawili yasiyotosha

Maelezo ya kwanza, yanayopendwa barazani na mitandaoni, ni kwamba makampuni ya mafuta hununua uvumbuzi na kuuzika. Dai hili halikuzuka hivi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hataza muhimu za betri kubwa za nikeli na hidridi ya metali, zilizofaa magari, zilikuwa chini ya ubia ambao kampuni ya mafuta ya Chevron ilikuwa na sehemu yake. Wapenzi wa magari ya umeme waliulalamikia ubia huo kwamba ulibana leseni, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, hataza hufunga njia moja tu. Wakati ubishi huo ukiendelea, betri ya lithiamu ilikuwa inakua ndani ya simu, kompyuta za mkononi na kamera za video, mahali ambapo wafanyabiashara wa mafuta hawakuwa na mamlaka yoyote. Tena betri hiyo ilizaliwa kwa pesa za mafuta. Katika miaka ya 1970, dunia ikiwa katika msukosuko wa bei ya mafuta, Stanley Whittingham aliunda betri ya lithiamu na titani disulfidi akiwa mwajiriwa wa Exxon. Mradi huo ulisitishwa baadaye. Lithiamu ya metali iliota vinyuzi ndani ya seli, vinyuzi vikatoboa kitenganishi na moto ukazuka. Soko nalo lilikuwa dogo, na bei ya mafuta ikaja kushuka. Hizo ni sababu za kiufundi na kibiashara, na zinatosha kueleza yaliyotokea bila kumtafuta mchawi.

Maelezo ya pili ni kwamba teknolojia zinazokwama ni duni, kwa hiyo zinastahili kukwama. Hapa pana ukweli kiasi, kama sehemu inayofuata itakavyoonyesha. Lakini maelezo haya yanashindwa mbele ya mfano mmoja mzito. Northvolt ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2016, haikubuni kemia ngeni. Ilitaka kutengeneza seli za lithiamu za aina inayojulikana, ikakusanya mitaji na mikopo ya takriban dola bilioni 15, na ilikuwa na oda kutoka makampuni makubwa ya magari ya Ulaya. Mwaka 2023 kiwanda chake cha Skellefteå kilizalisha sehemu ndogo mno ya gigawati-saa 16 zilizopangwa kwa mwaka. Mwaka 2024 BMW ilifuta oda ya euro bilioni 2, na Machi 2025 Northvolt ikatangaza kufilisika nchini Sweden. Sayansi yake ilikuwa imethibitishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilichokosa ni ustadi wa uzalishaji, ambao hauandikwi katika hataza wala hautolewi shahada.

3. Kutoka maabara hadi kiwandani

Ili kuona ukubwa wa pengo lililopo kati ya maabara na kiwanda, tuitazame kwa karibu seli ambayo matokeo mengi ya utafiti hupimiwa. Ni seli ya kifungo, mfano wa betri ya saa ya mkononi, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Mtafiti huipaka kemikali mpya kwa utando mwembamba, huijaza elektroliti kwa ukarimu, na upande wa pili huweka bamba la lithiamu lenye akiba kubwa kupita mahitaji. Akiba hiyo huficha upotevu. Kila lithiamu inapopotea katika kuchaji na kutumia, nyingine ipo ya kuziba pengo, na grafu hutoka imenyooka.

Seli ya biashara haina akiba ya namna hiyo, kwa kuwa kila gramu ya ziada ni gharama na uzito. Sasa hesabu inakuwa kali. Kila mzunguko wa kuchaji na kutumia ukirejesha asilimia 99.9 ya lithiamu, tarakimu ambayo kwa macho ya kawaida ni ya kujivunia, baada ya mizunguko 1,000 hubaki takriban asilimia 37 ya uwezo wa awali. Ili ibaki asilimia 80, kila mzunguko unapaswa kurejesha karibu asilimia 99.98. Tofauti ya sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya asilimia moja ndiyo inayotenga betri ya gari na betri ya kuandikia makala.

Kuthibitisha tarakimu hiyo huchukua muda ambao fedha haziwezi kuununua wote. Seli inayochajiwa na kutumiwa mara mbili kwa siku huhitaji siku 500 kukamilisha mizunguko 1,000. Mhandisi akibadilisha elektroliti kidogo, hesabu huanza upya. Yapo majaribio ya kuharakisha uchakavu kwa joto, lakini mtengenezaji wa magari anayetoa dhamana ya miaka minane hatakubali kuitia sahihi dhamana hiyo kwa makadirio matupu.

Kisha kuna mtambo. Kiwandani kemikali huchanganywa kuwa uji mzito, hupakwa pande zote mbili za karatasi ya shaba au aluminiamu nyembamba kuliko unywele, karatasi ikikimbia makumi ya mita kwa dakika. Hukaushwa, hushindiliwa kwa roli, hukatwa na kukunjwa ndani ya vyumba vikavu ambamo unyevu wa hewa umeondolewa karibu wote. Baada ya kutiwa elektroliti, seli huchajiwa kwa mara ya kwanza polepole ili utando wa kinga ujijenge juu ya anodi, kisha huwekwa zikomae na kuchunguzwa kwa siku nyingi. Chembe moja ya metali ikiangukia mahali pabaya inaweza kuleta shoti miezi kadhaa baadaye, seli ikiwa tayari ndani ya gari la mteja. Kiwanda kinachotupa theluthi moja ya seli zake kimeshindwa kibiashara hata kama theluthi mbili zilizobaki ni bora kuliko zote duniani.

4. Mshindani asiyesimama

Mwaka 1936 mhandisi Theodore Wright alichapisha uchunguzi wake kuhusu gharama za kuunda ndege. Aligundua kwamba kila jumla ya ndege zilizokwisha kuundwa ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kwa kila ndege ilipungua kwa takriban asilimia 20. Mwelekeo wa aina hiyo umeonekana katika bidhaa nyingi za kiwandani, na katika betri za lithiamu umeonekana kwa uwazi wa pekee. Kwa mujibu wa takwimu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, wastani wa bei ya pakiti ya betri ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010, na mwaka 2024 ulikuwa dola 115.

Tufanye hesabu ndogo ya nadharia. Tuseme bei ya betri iliyopo sokoni ni 100, na inashuka asilimia 10 kila mwaka. Mvumbuzi anawaahidi wawekezaji betri ya bei ya 70 baada ya miaka mitano. Ahadi hiyo ni punguzo la asilimia 30, na wengi wataitolea fedha. Lakini miaka mitano ikitimia, betri ya zamani itakuwa imefika 59. Mradi ukichelewa ukatimiza miaka kumi, itakuwa imefika 35. Mvumbuzi atakuwa ametimiza kila alichoahidi na bado amepitwa. Ni kama mwindaji anayelenga mahali ndege alipokuwa.

Hayo ndiyo yaliyoipata Aquion. Ilipoanzishwa mwaka 2008, betri ya lithiamu ilikuwa ghali mno kuhifadhia umeme wa jua wa nyumba au kijiji, na betri nzito ya maji ya chumvi ilikuwa na nafasi yake. Kufikia mwaka 2016 wastani wa bei ya lithiamu ulikuwa kama dola 300 kwa kilowati-saa na bado unaporomoka, ukisukumwa na viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya magari. Aquion ilikuwa na kiwanda kimoja kikishindana na ujuzi wa viwanda vingi vya Asia.

Mambo haya hayahusu betri peke yake. Solyndra ya California ilibuni paneli za jua za mirija zisizotumia silikoni wakati silikoni ilipokuwa adimu na ghali. Serikali ya Marekani iliidhamini mkopo wa dola milioni 535. Bei ya silikoni ikaanguka, sababu ya kuwapo kwa bidhaa ikaanguka nayo, na mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Betri za sodiamu nazo zilipata msukumo mkubwa mwaka 2022, tani ya kaboneti ya lithiamu ilipofikia karibu yuani 600,000 nchini China. Mwishoni mwa mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu yuani 100,000, na makampuni mengi ya sodiamu yakapoteza hoja yao kuu ya biashara.

Mtaji wa muda mfupi hauwezi kustahimili mbio za namna hii. Watafiti wa MIT waliochunguza uwekezaji wa mitaji ya ubia katika nishati safi walikuta kwamba kati ya mwaka 2006 na 2011 wawekezaji walitia zaidi ya dola bilioni 25 na kupoteza zaidi ya nusu yake. Mfuko unaotaka faida ndani ya miaka mitano hadi kumi umezoea programu za kompyuta, ambazo nakala yake ya milioni haigharimu kiwanda kipya. Betri inataka kiwanda kabla ya mapato, na muda kabla ya kiwanda.

5. Waliopenya walipenyaje?

Kama hoja ingeishia hapo, ingemaanisha kwamba hakuna kipya kinachoweza kuingia. Lakini betri ya lithiamu yenyewe ilikuwa mpya wakati mmoja. John Goodenough na wenzake walionyesha kathodi ya oksidi ya kobalti na lithiamu mjini Oxford mwaka 1980, na Akira Yoshino wa Asahi Kasei akaiunganisha na anodi ya kaboni mwaka 1985. Pamoja na Whittingham, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Hata hivyo, aliyeifikisha sokoni mwaka 1991 ni Sony, na njia yake inafaa kuchunguzwa.

Sony ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni mnunuzi: ilitengeneza kamera za video za mkononi, na mteja wa kamera alikuwa tayari kulipa zaidi ili abebe kifaa chepesi. La pili ni mitambo: kampuni iliyotengeneza kanda za sumaku kwa miaka mingi ilikwishajua kupaka uji wa kemikali juu ya ukanda mwembamba unaokimbia kwa kasi, bila mawimbi wala mapovu. Ustadi wa kanda uligeuzwa kuwa ustadi wa elektrodi. Betri ya lithiamu ilianza maisha yake ikiwa na shule na mlipa ada.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka katika betri ya lithiamu, chuma na fosfeti, kwa sababu kemia ya familia hiyo hiyo iliwahi kushindwa mahali pamoja na kushinda mahali pengine. Ilitambulishwa na kundi la Goodenough huko Texas katikati ya miaka ya 1990. Nchini Marekani kampuni ya A123 Systems, iliyoanzishwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa MIT, iliiboresha na kupewa ruzuku ya serikali ya dola milioni 249 ili ijenge viwanda. Ruzuku ilijenga kuta, lakini haikuleta magari ya kuwekwa betri. A123 ilimtegemea mteja mdogo, mtengenezaji wa magari Fisker, na mwaka 2012 ilibidi ibadilishe betri zenye kasoro za uzalishaji. Oktoba mwaka huo huo ikafilisika, na sehemu kubwa ya mali zake ikanunuliwa na Wanxiang ya China.

Shenzhen, kusini mwa China, ilianzia upande mwingine. BYD, kampuni ya mji huo iliyokuwa imejifunza uzalishaji kwa kutengeneza betri za simu, iliweka betri za fosfeti katika mabasi. Mabasi hayo yalinunuliwa kwa msaada wa ruzuku ya serikali, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwishoni mwa 2017 mabasi yote ya umma ya Shenzhen, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme. Basi hurudi karakana ile ile kila usiku. Uzito wa betri hauliumizi sana, na kasoro zake huonekana mapema na kurekebishwa. Mwaka 2024 kemia hiyo, isiyotumia kobalti wala nikeli, ilichukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani.

Kwa kulinganisha A123 na Shenzhen tunaona kwamba fedha za umma zilitumika pande zote mbili, na sayansi ilikaribiana. Kilichotofautiana ni ununuzi wa kudumu na msingi wa uzalishaji. Kwa sababu hiyo hiyo, betri za sodiamu zenye matumaini makubwa leo ni zile zinazoweza kutengenezwa kwa mitambo ya lithiamu iliyopo, kama inavyofanya kampuni ya CATL na nyingine za China. Zinajifunza kwa kutumia shule ya mshindani wao.

6. Pingamizi

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa betri ya zamani inashinda kwa kuwa rahisi zaidi, tatizo liko wapi? Mwananchi anahitaji umeme nafuu, na hajali kama umehifadhiwa katika lithiamu au chumvi. Pingamizi hili ni zito, na kwa sehemu kubwa ninalikubali. Kuanguka kwa bei ya lithiamu kumewasha taa katika nyumba nyingi zisizofikiwa na gridi, na hakuna sababu ya kulilia kila kampuni iliyofilisika.

Lakini soko hupima kwa bei ya leo, na yapo mahitaji ambayo bei ya leo haiyaoni. Kuhifadhi umeme kwa siku kadhaa, kustahimili joto kali bila viyoyozi, kutokuwaka moto ndani ya makazi ya watu, na kutotegemea nchi chache kwa malighafi na viwanda ni manufaa ya kweli kwa jamii. Teknolojia inayoyatoa inaweza kufa si kwa kuwa haifai, bali kwa kuwa ilifika wakati mshindani ameshatangulia mizunguko mingi ya kujifunza. Ushindi wa aliyetangulia unaonyesha kwamba alitangulia. Hauthibitishi kwamba njia nyingine zisingefika mbali zaidi kama zingepata mwanzo sawa.

7. Maana yake kwa Afrika Mashariki na Kongo

Ukanda wetu umezoea kujitazama kama chanzo cha malighafi katika suala hili. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Tanzania ina grafiti Mahenge na nikeli Kabanga. Kenya ina magadi, kaboneti ya sodiamu inayoweza kuingia katika betri za sodiamu. Kutokana na hayo huja mipango ya kuongeza thamani, kama makubaliano ya Kongo na Zambia ya mwaka 2022 kuhusu mnyororo wa thamani wa betri. Nia hiyo ni njema na ya haki. Lakini kuenea kwa betri za fosfeti kunaonya kwamba madini yenye thamani leo yanaweza kukwepwa kesho na mhandisi aliyechoshwa na bei yake. Mpango wa kiwanda unaoegemea kemia moja unapaswa kueleza utafanya nini kemia hiyo ikiachwa.

Nafasi yetu iliyosahauliwa ni ya mnunuzi. Dereva wa pikipiki ya umeme Kigali au Nairobi anayebadilisha betri kituoni huitumia betri siku nzima, siku nyingi kwa mwaka, na huipima kwa gharama ya kila kilomita. Mnara wa simu, zahanati ya kijijini na gridi ndogo ya kisiwani huhitaji betri inayovumilia joto na vumbi, na uzito si tatizo lao. Haya ndiyo mazingira ambamo kemia mpya ingeweza kupata mlipa ada wake wa kwanza, kama basi lilivyofanya Shenzhen.

Ninapendekeza hatua tatu. Kwanza, wizara na wakala wa nishati vijijini waunganishe mahitaji ya zahanati, shule na gridi ndogo katika mikataba ya miaka mingi, inayolipia kilowati-saa zilizotolewa kwa uhakika badala ya kulipia jina la teknolojia. Pili, vyuo vikuu na mashirika ya viwango yawe na maabara za kupima betri katika joto la Dodoma, Mombasa au Lubumbashi, ili ahadi za muuzaji zipimwe hapa kabla hazijalipiwa. Tatu, mafunzo ya ufundi yaanze na kuunganisha, kukagua na kukarabati pakiti za betri, kwa kuwa huko ndiko ujuzi wa uzalishaji unakoweza kuanza kujengwa kwa mtaji tulio nao.

8. Hitimisho

Betri mpya hukwama kwa sababu gharama hushuka kwa kutengeneza, na aliyeanza kutengeneza zamani hazuiliwi na ubora wa wazo jipya. Zilizopenya zilipata mnunuzi aliyevumilia upungufu wao wa mwanzo, na mitambo iliyokuwa tayari inajua nusu ya kazi. Kwa hiyo serikali inayojiwekea lengo la nishati mpya isihesabu hataza na matangazo pekee. Ihesabu mikataba ya ununuzi iliyotiwa sahihi, miaka ambayo mikataba hiyo itadumu, na mafundi waliofunzwa kuitekeleza. Afrika Mashariki na Kongo hazihitaji kusubiri uvumbuzi wa kishujaa ili zianze. Mahitaji yapo, jua lipo, na uamuzi wa kununua kwa mpangilio uko ndani ya uwezo wetu.